Moto Ambao Haukuwaka

Sogezeni viti, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na haya ninayotaka kuyasema sitaki mje kuyapata kwa kusimuliwa. Fausta, wewe ndiye mkubwa, kaa hapa kichwani mwa kitanda. Ladislas, zima hiyo simu, anayekutafuta atakupata kesho. Angela, shika kikombe cha maji, na nikikohoa usianze kulia, ninyweshe tu tuendelee. Shemeji Gaspar, asante kwa kutoka Sitalike na mgongo wako huo kuja kunisikiliza. Mpeni mjomba wenu kiti cha kuegemea. Na wewe, Scolastica, mama yao, usikimbilie jikoni. Leo wajukuu watachochea moto wenyewe. Kaa pale nikuone.

Padre alikuja jana akanipaka mafuta ya wagonjwa, nami nikacheka moyoni, kwa sababu maisha yangu yote yamekuwa ya mafuta, na hata ya mwisho yameletwa hapa hapa nilipo bila mimi kuendesha lori kuyafuata. Daktari naye hajanificha. Ameniambia, mzee Benedikto, moyo umechoka. Nimemshukuru, maana mtu akijua safari imekaribia anapata muda wa kuaga vizuri, na mimi ninao wengi wa kuwaaga, na wengi zaidi wa kuwashukuru.

Nyie mmenijua nikiwa dereva, lakini mimi ni mtoto wa mpunga. Nilizaliwa Usevya, Mpimbwe, baba yangu akilima majaruba, na udereva niliupata kwenye lori la misheni, nikianza kwa kuliosha. Ndipo tajiri mmoja wa hapa Mpanda akanipa lori la mafuta, nikawa natoka Mbeya, napita Sumbawanga, nashuka Kibaoni, nakatiza hifadhini, naingia mjini. Kazi hiyo iliwalisha nyie wote. Iliezeka nyumba hii ya Makanyagio, ilimsomesha Fausta mpaka akatoka mwalimu, na ilimtibu Angela ile homa iliyotaka kumchukua akiwa bado ananyonya. Kwa hiyo asitokee mtu baada yangu akasema Mzee Benedikto aliyachukia mafuta. Sijayachukia. Nayashukuru, kama mtu anavyomshukuru ng'ombe aliyemkamua miaka yote, hata kama anaona sasa maziwa yanapungua.

Ila nataka mjue ilikuwaje, kwa sababu nyie mmezikuta taa zinawaka mkadhani ndivyo ulimwengu ulivyoumbwa. Enzi zile umeme wa mji huu ulitoka kwenye mashine za dizeli, na hiyo dizeli ilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Mvua zikishika, barabara ya hifadhini inageuka uji, lori linazama mpaka kwenye ekseli, na mimi na utingo wangu tunalala chini yake mbung'o wakitula mpaka tope likauke au atokee wa kutuvuta. Na huku mjini giza. Mashine za kusaga zimenyamaza, akina mama wamerudi kwenye kinu, hospitalini wanamzalisha mtu kwa mwanga wa tochi. Nilikuwa nikilala pale kwenye tope nikiwaza kwamba mji mzima umekaa unamsubiri mtu mmoja aliyekwama. Hilo halikunipa fahari, wanangu. Lilinitisha.

Utingo wangu huyo alikuwa Jean-Marie, Mrundi wa Katumba, Mungu amlaze mahali pema. Nilikuwa naye siku lori lilipoanguka.

Mmesikia vipande vipande kuhusu siku hiyo, kila mtu na chake, na vingine vimetiwa chumvi. Sasa sikilizeni kutoka kwa aliyekuwa ndani. Ilikuwa masika, jua linaelekea kuzama, tumebakiza kidogo tu tufike Sitalike, hata daraja la Katuma nilikuwa nimeshaliona, mara ukingo wa barabara ukamomonyoka chini ya magurudumu ya kushoto. Lori halikuruka wala kupiga kelele. Liliinama taratibu kama ng'ombe anayelala, likalala. Jean-Marie alirushwa nje, akainuka salama. Mimi mguu ulibanwa chini ya usukani, mfupa umevunjika, na tenki la mbele lilikuwa la petroli, limepasuka. Ilikuwa inamwagika kwa sauti ya mto mdogo. Ilinilowesha shati, ilinilowesha nywele, macho yakaniwasha. Nikamwambia Jean-Marie akimbilie Mpanda kutafuta watu wenye lori na minyororo, naye akakimbia, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kunidai shukrani kwa mbio zile. Nikabaki peke yangu.

Peke yangu si kwa muda mrefu. Kijiji kilikuja na ndoo. Na msiwalaumu. Mwaka ule mafuta ya taa yalikuwa hayaonekani, watu walikuwa wanakula chakula cha jioni kabla giza halijaingia ili wasikosee njia ya mdomo, na hapo mbele yao mafuta yanatiririka mtaroni bila mwenyewe. Nani angebaki nyumbani? Waliinama wakaanza kuchota, na wa kwanza kabisa, mwenye ndoo kubwa kuliko wote, alikuwa kijana mmoja mrefu ambaye leo ndiye huyu shemeji yangu. Usiinamishe kichwa, Gaspar. Nalisema kwa heshima, na mwisho wake unaujua.

Mimi nilipiga kelele kwamba hii ni petroli, itawaka, ondokeni, lakini nani amsikilize mtu aliyebanwa kwenye vyuma? Ndipo akaja msichana kutoka mtoni, nguo mbichi begani. Alisimama, akanusa, akaniangalia mimi nilivyolowa, akawaangalia wenzake. Akazitupa zile nguo chini, akaokota mpini wa jembe, akaanza na kaka yake. Alimchapa mbele za watu wote, akampokonya ndoo, akaimwaga kwenye mchanga. Akawageukia wengine. Mzee mmoja alikuwa anakuja na chemli imewashwa, ili apate kuona vizuri anapochota. Msichana alimkimbilia, akainua kioo akaipuliza, halafu akaizungusha akaitupa mbali kwenye majani yenye maji. Kisha akarudi akakaa katikati ya barabara na mpini wake magotini, akasema, "Anayetaka kupita anipige mimi kwanza." Mimi nilikuwa nayaona yote kupitia kioo kilichovunjika. Akawa ananiambia, bila kugeuka, "Usilale, kaka. Niambie jina lako. Usilale." Nikamwambia jina langu. Nikamwambia na la mama yangu, na la kijiji chetu, na kila kitu kilichonijia, mpaka Jean-Marie alipofika na watu.

Petroli yote iliingia ardhini. Na moto, wanangu, haukuwaka.

Haukuwaka, na hapo ndipo shida ya mama yenu ilipoanzia. Kama ungewaka, hata majani tu yangeungua, wangemwita shujaa. Lakini hapakuwaka kitu. Wakasema, mbona haukuwaka? Alitunyima bahati yetu kwa kiherehere chake. Kisima cha bondeni kikanuka mafuta misimu mingi, akina mama wakawa wanateka maji mtoni penye viboko, na kila aliyejitwika ndoo alimtaja yeye kwa jina, kwamba tungeachwa tuyachote kisima kingebaki kizima. Mguu wangu ulipopona nilirudi Sitalike na fimbo, kumshukuru, na baba yake akaniambia, wewe ni wa kwanza kuja hapa kumshukuru, wengine wote wanakuja kulalamika. Nilikwenda kushukuru, nikarudi tena, nikarudi tena, mwishowe nikaona aibu kuendelea kusingizia shukrani nikapeleka mahari. Kanisani siku ya harusi, benchi la upande wake lilikuwa na nafasi nyingi. Kaka yake hakuja. Hakuja Fausta alipozaliwa, wala wewe Ladislas ulipobatizwa. Mama yenu hakumsema vibaya hata siku moja. Mkiona kimya chake mnadhani ni upole tu. Kimya hicho alikilipia.

Maji, Angela. Asante.

Halafu, miaka imeshapita, mimi nimeshastaafu, redio ikatangaza habari ya lori la mafuta lililoanguka kule mbali, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka ukawaua, na mnaikumbuka nyie wenyewe, taifa zima lililia. Siku chache baadaye shemeji alisimama mlangoni hapo, kofia mkononi, mvi tupu. Mama yenu akamwambia, "Karibu, kaka." Akasema, "Skola, nimesikia redioni." Akamwuliza, "Umesikia nini?" Akasema, "Wale watu. Walikuwa na ndoo kama yangu." Mama yenu aliingia jikoni, akatoka na maji, akamnawisha mikono yeye mwenyewe, akamwekea ugali na samaki kama vile alikuwa anakula hapa kila siku. Nimeshuhudia mambo mengi barabarani, mengine ya ajabu, lakini kama kuna kitu kimoja nitakachomsimulia Mungu kwamba nilikiona kwa macho yangu, ni yale maji ya kunawa. Nawashukuru nyote wawili. Mlinifanya nizeeke kwenye nyumba isiyokuwa na kinyongo.

Sasa tuje kwenye mali, maana najua masikio ya wengine yameshaanza kuchoka na hadithi.

Shamba la Sitalike, lile la kando ya barabara. Ladislas, mwanangu, sikufokei. Mipango yako nimeisikia yote, na yule mwenzako wa kutoka mjini anayetaka mjenge sheli pale nimemwona, ni mtu wa adabu. Unasema mafuta yanapokuwa ya shida ndipo mwenye nayo anapopigiwa magoti. Ni kweli, na mwaka huu tumeona. Tumeona bodaboda wanashinda kwenye foleni na madumu mikononi, petroli inauzwa kwenye chupa za maji kwa bei ya kumkomoa mtu, na mtoto wa jirani yetu akabebwa mgongoni mpaka hospitali kwa sababu pikipiki zote za mtaa huu zilikuwa kavu. Wewe uliona biashara. Mimi nilijiona nimelala tena chini ya lori kwenye tope, na mji umekaa unanisubiri.

Tofauti ni kwamba sasa wanaosubiri ni wengi. Enzi zangu shehena moja iliuwasha mji mpaka niende nikarudi. Baadaye Katumba ikajaa wakimbizi, Mishamo ikajaa, Wasukuma wakashuka na ng'ombe wao, machimbo ya dhahabu yakaita vijana, na nyie mkazaliwa, mkazaa. Sisemi watu wamezidi. Ningesema hivyo ningeanza kumtoa nani humu ndani? Kila mjukuu aliyeletwa kwenye mapaja yangu nimemshukuru. Nasema tu kwamba mikono inayonyooshwa inaongezeka kila mwaka, na kinachomiminwa hakiongezeki, na kule kinakochimbwa mimi sijafika, sijui kimebaki kiasi gani, ila sijawahi kusikia shimo linalojijaza upya. Mtu asijenge riziki ya watoto wake juu ya shida ya watoto wa wenzake. Itamlisha, lakini atakula akiangalia mlango.

Na wewe, Fausta, usitabasamu. Unamcheka mdogo wako na sheli yake, lakini leo asubuhi umefika hapa kwa pikipiki yake, na ilikuwa inakunywa petroli. Mpango wako wa pampu ya sola na bustani za kikundi chenu cha akina mama naupenda, sitaficha. Niliipenda pampu hiyo tangu Jean-Marie aliponipeleka nyuma ya nyumba yake Katumba nione maji yanavyopanda. Nilisimama pale nikitafuta mlio wa injini. Maji yanamwagika, mlio hakuna, nami nimetega sikio kama mjinga, mpaka Jean-Marie akacheka akashika mbavu. Na zile nguzo kubwa za umeme zilizotufikia kutoka Tabora, mashine za dizeli zikapumzika, nazishukuru vilevile, nilitoka nje na fimbo yangu kuziangalia. Kwa hiyo sina ubishi na jua. Ubishi wangu ni kwamba na wewe pia umeshaligawa lile shamba kichwani mwako, upande huu mchicha, upande huu nyanya, na hukumwuliza mwenyewe.

Mnaniangalia mimi. Mwenyewe si mimi.

Kila mtu analiita shamba la Mzee Benedikto, nami kwa uvivu nikaacha liitwe hivyo. Lilikuwa lako, shemeji, nisahihishe nikikosea. Siku ulipolitoa, baada ya kurudi kwetu, ulisimama pale pale ulipochapwa, ukasema, "Namrudishia Skola. Siyo wewe, shemeji, usije ukachanganya." Ndivyo? Mmemwona anavyoitikia kwa kichwa, ndivyo. Kwa hiyo msiligawe kwenye urithi wangu, kwa sababu halimo. Ni mali ya mama yenu, aliipata kwa mpini wa jembe na kwa miaka ya kusemwa, na nikishafunikwa udongo asije mtu, wa ukoo wangu wala wa kwake, akamwambia mjane hana shamba. Gaspar ni shahidi, nyie ni mashahidi, na majirani waliosimama hapo dirishani wakidhani siwaoni ni mashahidi.

Sema, Scolastica. Nataka kusikia kabla masikio hayajafunga. Sogea, siku hizi unaongea chini... Ehe... Ehe.

Mmemsikia? Wa nyuma hawakusikia. Anasema pampu ya mafuta haitasimama pale yeye akiwa hai. Anasema Ladislas ana kichwa cha biashara na Fausta ana kichwa cha mipango, na wote wawili hawajawahi kushika jembe kwenye lile shamba, kwa hiyo waje msimu huu walime naye kwanza. Anasema mengine ataongea akishamzika mume wake, kwa sababu leo si siku ya shamba.

Haya. Ndiye huyo. Ndiye yule yule wa barabarani. Niacheni nicheke kidogo, hata kama kifua kinaniuma.

Nyumba hii ni yake mpaka Mungu atakapomwita, na asifanywe mgeni kwenye chumba chake. Majaruba ya Usevya, niliyoachiwa na baba, msiyakate. Baba alikuwa na eneo la kutosha kuchosha jozi ya ng'ombe. Sisi ndugu tukagawana, kila mmoja akabaki na kipande cha kusimama katikati ukarusha jiwe ukavuka mpaka. Mkiyakata tena, wajukuu wangu watarithi tuta la kupitia. Limeni pamoja, au kwa zamu, mgawane mpunga. Mpunga unagawanyika kila mwaka, ardhi inagawanyika mara moja tu. Ile pikapu kuukuu mpeni Angela auze vyuma, awanunulie kitu watoto wake, maana yeye hakuwahi kuomba.

Sitaki jeneza la mninga. Mninga umebaki mchache, nami sina wa kumwonyesha huko chini. Na matanga yangu... nisikilizeni hapa... matanga yangu msikate mti mbichi. Nimeona misiba yetu, watu wanakuja kwa mamia na wanastahili kula, lakini siku tatu tu na kichaka kizima kimekwenda. Parokiani wana majiko makubwa ya gesi, kaazimeni. Kuni kavu zikiwepo, sawa. Maharage yakichelewa, waambieni watu mwenyewe ndiye aliyesema wasubiri.

Angela. Maji. Basi, inatosha.

Ladislas, njoo. Piga goti, uso wako siuoni vizuri. Sijakunyima. Mungu akupe kazi ambayo wenzako wakikuona unakuja wanafurahi. Nilikuwa nayo hiyo, kila nilipoingia mjini watoto walikimbia nyuma ya lori, najua utamu wake, nakuombea na wewe. Fausta. Mungu akulinde na ulimi wako, umeurithi kwangu. Mheshimu mdogo wako. Angela, mtulivu wangu, Mungu akupe watu wa kukuuliza unataka nini. Wajukuu wote, waliomo na walio njiani, wote, hakuna wa ziada. Hakuna wa ziada kwa Mungu. Waambieni babu alisema.

Shemeji, asante. Uliporudi, asante.

Scolastica... uliniambia nisilale. Kumbe niliishi muda wote huu... nikapata watoto, nikapata... Basi sasa niruhusu. Shika mkono. Huo una baridi, shika huu.

Baba na Mwana na... malizieni nyie. Malizieni kwa sauti, nisikie wote mlivyo wengi.